Yaya wa Musa

Kilio kilimfikia kabla hajabisha hodi. Kilikuwa kilio kikavu, cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia. Binti akaubana mtandio kifuani kwa viwiko, ndipo akagonga.

"Pita, mwanangu, angalia usikanyage pini."

Fundi wa nguo alikuwa nyuma ya cherehani, mtoto mapajani. Pembeni, wifi yake alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja.

"Umekuja kwa lile tangazo la mlangoni?"

"Ndiyo, mama."

Wifi akamkagua kuanzia utosi hadi kisigino. "Umewahi kulea?"

"Wadogo zangu, shangazi."

"Huyu hafanani na wadogo zako. Ukimpa chupa anaitazama kama dawa ya minyoo."

Binti alitabasamu kwa midomo tu. Macho hakuyapeleka kwa mtoto, yasije yakamsaliti. Yeye ndiye aliyemlaza humu wiki iliyopita, ndani ya kapu la vitambaa, fundi alipokuwa uani. Wakimtambua, ni polisi, na mwanawe hatamwona tena. Wakimwajiri, atamshika kila siku.

"Anaitwa Musa," fundi alisema.

"Hilo jina nalo," wifi akadakia. "Musa ni aliyetolewa majini. Katekista anasema wengine wanalirudisha kwa Wamisri, eti kwao lilikuwa 'mtoto' tu. Sasa wewe huyu ulimtoa maji gani? Kapu lilikuwa kavu kama koo langu."

"Nimelipenda."

"Ungemwita Kapu, tukajua moja."

Fundi hakucheka. Aliukata uzi kwa meno, akamgeukia binti. "Wewe Musa wa kwenye Biblia unamjua?"

"Binti Farao alimwokota mtoni, akampa jina hilo."

"Na dada wa mtoto alikuwa amesimama mbali, anatazama. Halafu?"

Kilichofuata alikijua tangu utotoni.

"Nimesahau, mama."

"Amesahau," wifi alisema, akaisimamisha pasi. "Na mbona humtazami mtoto? Huo mtandio umelowa wapi, na nje jua linachoma?" Akaichukua simu yake mezani. "Wifi, huyu mimi simwelewi. Napiga kituoni."

"Weka simu. Nenda uani ukaanue nguo za wateja."

"Si nimezianika sasa hivi?"

"Kaanue."

Wifi akatoka akinung'unika, mlango wa uani ukajifunga. Fundi akasimama na mtoto begani, akazunguka cherehani, akaja taratibu. Binti akarudi nyuma hadi kitasa kikamgusa mgongoni.

"Nimekosea nyumba," alinong'ona. "Niache niende, mama."

"Aliyeitwa kumnyonyesha Musa alikuwa mama yake mzazi," fundi alisema. "Naye Binti Farao akampa kazi. Ndiyo maana nililiandika jina la Musa kwenye tangazo la mlangoni kwa herufi kubwa, nikakungoja."

Akamweka mtoto mikononi mwa binti.

"Mnyonyeshe mwanao. Atakayeniuliza, hata huyo wifi yangu, nitamwambia wewe ni yaya tu, mpaka siku utakayoweza kumchukua."