Neno la Ukutani

Katika kila nyumba inayomtunza mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, serikali ilipachika sikio ukutani. Sikio hilo lilingoja neno moja tu kwa sauti ya mhitaji mwenyewe, "nisaidie." Likilisikia, taa ya kijani iliwaka na ruzuku ya mlezi ikaingia. Nyumba iliyokaa kimya ilihesabiwa kuwa haina mhitaji.

Asubuhi hiyo Mwanahawa aliingia chumbani kwa mdogo wake, Shomari, mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, akamkuta amefunga vifungo vyote vya shati, hata kile cha shingoni. Mama yao alihangaika kumfundisha miaka nenda miaka rudi, akafa bila kukiona kitu hicho.

"Dada, nitazame!"

Mwanahawa alitaka kupiga vigelegele. Lakini gesi ilikuwa imekwisha tangu juzi, na ukuta ulikuwa kimya wiki nzima. Akamsogelea, akaanza kumfungua kifungo kimoja kimoja.

"Umekosea, mdogo wangu," alimnong'oneza. "Sema lile neno."

"Nimekosea wapi?"

Mwanahawa alifungua kifungo cha mwisho, machozi yakimtoka. Shomari, shati likiwa wazi kifuani, akamfuta mashavu kwa mkono wa shati lake. Kisha akaugeukia ukuta na kusema kwa sauti kubwa, kwa adabu zote:

"Msaidie dada."

Mwanahawa aliinua macho kuitazama taa, akaona haya kwamba ameitazama.

Haikuwaka.