Shingo ya Shamba

Kiangazi kilipoanza, mwalimu mstaafu wa jiografia alichukua jembe akaenda kuchimba mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingepagusa.

Mahali hapo paliitwa Shingo. Mto ulishuka kutoka milimani, ukalifikia shamba lake, ukalizunguka karibu lote, kisha ukarudi hadi karibu na pale ulipoanzia kuzunguka. Kati ya kwenda kwake na kurudi kwake kilibaki kipande chembamba cha ardhi, nacho ndicho kilicholiunganisha shamba na barabara, duka, zahanati na watu. Kila mwaka maji yalikimega kidogo pande zote mbili. Sasa Mwalimu alikuwa akiyasaidia.

Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, viwili vikiwa vimefungwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la mama yake, limesakafiwa vizuri. Mkabala na kaburi, ng'ambo ya mto, ilikuwa nyumba ya dada yake mkubwa. Jioni aliutazama moshi wa jiko la dada yake. Siku moshi ulipochelewa, naye alichelewa kula.

Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi. Mama aliugua kwa binti yake, akauguzwa naye, akafia mikononi mwake. Lakini Mwalimu ndiye aliyeamua azikwe upande huu, karibu na barabara, waombolezaji wasipate taabu ya kuvuka. Dada alisimama kando ya kaburi, udongo ukiwa bado mbichi, akaapa kwamba mto ule hatauvuka tena, hata kwa ajili ya mama. Mwalimu akajibu mbele ya watu wote kwamba yeye pia hatauvuka kwenda kwake, mpaka afe. Wote wawili walikuwa watu wa kushika neno. Hilo walilirithi kwa marehemu.

Mvushaji, mwenye mtumbwi pekee wa pale, alijaribu mara nyingi kuwapatanisha.

"Mwalimu, panda nikupeleke. Miguu ya dada yako imevimba, siku hizi anatembelea mkongojo."

"Nilisema sitavuka."

"Ulisema kwa hasira."

"Nilisema mbele ya watu."

Mvushaji aliitazama ile nyumba yenye vyumba vilivyofungwa. "Basi kaa na hao watu wako," akasema, akasukuma mtumbwi.

Mfereji ulipofika kiunoni, mhandisi wa maji alitumwa kuukagua. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, naye alisimama ukingoni na buti zake za mpira, hajui aanze na amri au na shikamoo. Alianza na shikamoo.

"Wewe ndiye uliyetuchorea ubaoni, Mwalimu. Mto ukipata njia ya mkato, hauirudii ile ndefu."

"Ulipata alama ngapi?"

"Zote."

"Basi huna haja ya kunieleza."

Alimweleza hata hivyo. Mafuriko ya kwanza yangeikata Shingo, na hakuna serikali ambayo ingemjengea daraja mzee mmoja. Ng'ambo kungekuwa kubaya zaidi. Mto ungelihama zunguko lote, mchanga ungeziba midomo yake, na chini ya nyumba ya dada yake lingebaki dimbwi, kisha tope, kisha ardhi kavu.

"Bustani yake inanyweshwa na mto huu. Maji atachota wapi?"

"Ana kisima."

"Kwa hiyo umelifikiria."

"Nimelifikiria."

Mhandisi alimtazama kama mtu anayetazama nguo anazozifahamu zimevaliwa na mgeni. Alisema atampelekea ripoti mkuu wake, akaondoka. Mwalimu alitemea viganja mate, akashika mpini tena.

Habari zilifika dukani kabla yake. Watu walisema hakutosheka kumnyang'anya dada yake mama, sasa anamnyang'anya na maji. Mwenye duka alimpimia chumvi, sabuni na mafuta ya taa, vyote vingi kuliko kawaida, bila kumkaribisha kwenye benchi. Mvushaji aliacha kumsalimia. Mwalimu hakumsahihisha mtu yeyote, ingawa maisha yake yote alikuwa amefanya kazi hiyo.

Mvua zilinyesha. Mto ulijaa, ukawa wa rangi ya udongo, ukapapasa mfereji kwa siku kadhaa. Alasiri moja Shingo ilimeguka kwa kishindo, kama lori linalomwaga kokoto. Aliitazama ikienda, amesimama dirishani, na barabara ikabaki upande wa pili wa maji mapana. Hakuna aliyekuja kuuliza kama yu hai.

Kwenye zunguko la zamani maji yalipunguza mwendo, yakadondosha tope, yakawa maangavu, yakatulia. Kiangazi kilichofuata mchanga uliziba midomo yote miwili. Kila asubuhi Mwalimu alishuka na kijiti, akakichomeka ardhini, akakitazama ncha. Asubuhi kilipokataa kuingia, alirudi ndani, akanyoa ndevu, akavaa viatu.

Alipita kando ya kaburi, akateremka, akakanyaga udongo uliopasukapasuka, akaupanda ukingo wa pili. Viatu vyake vilikuwa na vumbi tu.

Dada yake alikuwa amekaa kibarazani, mkongojo mapajani. Alimwangalia tangu alipoteremka hadi aliposimama mbele yake.

"Uliapa," alisema.

"Sijavuka." Mwalimu aligeuka, akanyoosha mkono kupita kaburi, kupita paa la nyumba yake, hadi kule mbali maji yalikong'aa. "Mto ule pale. Na wewe, dada, huna haja ya kuuvuka. Mama yuko upande wako."