Kovu la Korosho

"Kovu limekaa upande siyo," ujumbe ulisema. "Lihamishie upande wa pili, kisha nitamalizia malipo."

Ashiru aliusoma mara tatu, brashi ikimdondoshea rangi mguuni. Mwaka wa pili huu alikuwa akihangaika kuuza michoro mtandaoni kutoka hapo Newala. Alishajaribu twiga wa watalii, fulana, sura za maharusi. Watu walimmwagia sifa na vidole gumba, mfukoni patupu. Ndipo wiki iliyopita, kwa kukata tamaa, akabandika mchoro ambao hakuwahi kumwonyesha mtu: sura ya mama yake.

Nyumbani hapakuwa na picha ya mama hata moja. Alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, Ashiru akiwa na miaka minne. Mwaka uliofuata bibi yake, Bi Mwanaheri, akamwambia mama amefariki na amezikwa hukohuko. Basi sura ile aliikusanya kipande kipande. Macho aliyakumbuka mwenyewe. Mdomo aliuazima kwa kujitazama kwenye kioo, maana majirani husema ni uleule. Kovu alipewa na bibi.

Mteja alijitokeza siku hiyohiyo. Ukurasa wake haukuwa na picha, na jina lilikuwa herufi mbili tu, M.A. Ashiru hakujua ni mtu wa umri gani, akaona heri adabu izidi kuliko kupungua. "Shikamoo," aliandika. "Marahaba, baba," akajibiwa. Mteja hakuomba apunguziwe hata shilingi. Alisema amefikia Mkomaindo, Masasi, kwa siku chache, mzigo upakiwe kwenye gari la asubuhi. Nusu ya fedha ikaingia hapohapo. Na sasa hili la kovu.

Alimfuata bibi uani, alikokuwa akipepeta mtama.

"Bibi, kovu la mama lilikuwa shavu lipi?"

"La kushoto. Nikwambie mara ngapi? Alikuwa anachochea korosho motoni, mafuta ya maganda yakamrukia. Dawa nilimpaka mimi, kwa mkono wangu huu. Kwani kuna nini?"

"Kuna mteja anasema nimekosea upande."

Ungo ukasimama. "Mteja gani? Mwanamke au mwanamume?"

"Sijui, bibi. Yuko Masasi."

Bi Mwanaheri aliinama kuokota punje zilizomwagika. Alipoinua uso, sauti ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. "Mrudishie hela zake. Mwambie mama yako hauzwi. Na hiyo picha uitoe huko ulikoiweka."

Ashiru alirudi chumbani roho ikimuuma. Fedha alizitaka, asidanganye. Rangi nyeupe ilikuwa imebaki ya kukwangua, na huyu ndiye mteja wa kwanza aliyelipa bila kuzungushana. Kuhamisha kovu ni kazi ya dakika kumi. Alichovya brashi, akaisogeza mpaka karibu na shavu la pili, kisha akaisimamisha.

Macho huenda ameyakumbuka vibaya. Mdomo ni wake mwenyewe. Katika sura nzima, kovu lile ndilo peke yake alilokuwa na hakika nalo kwamba ni la mama. Akiligusa, atabaki na mwanamke wa kubuni ukutani. Aliiweka brashi chini, akaona aibu kwamba alikuwa ameichukua.

Akashika simu, akaandika kwa hasira, akafuta, akaandika tena kwa heshima.

"Samahani sana. Huyu ni marehemu mama yangu. Kovu lake liko shavu la kushoto, na bibi aliyemzaa ndiye shahidi. Siwezi kuharibu sura ya mama ili nimpendeze mteja. Fedha yako nakurudishia leo."

Ujumbe ukasomwa papo hapo. M.A. akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Uani, ungo ulikuwa bado kimya. Ashiru alikwishafungua sehemu ya kutuma fedha, kidole kikiwa juu ya namba ya siri, jibu lilipoingia.

"Usirudishe, baba. Liache hapohapo, bibi yako hajakosea. Ni mimi, nimezoea kuliona kwenye kioo, nacho hugeuza pande."