Fulana za Shukuru

Tangu jua la mchana lipigwe marufuku, watu wa mjini walivaa nguo za kuwachunga. Ukiguswa na jua, kitambaa kinageuka chekundu, na wekundu huo hautoki kwa sabuni wala kwa maombi. Jioni hupita mkaguzi. Hakuna kubishana naye: shahidi ni nguo, mdomo wako ni kelele tu.

Mwajabu alirudi kazini akamkuta mama mkwe wake, aliyefika jana kutoka shamba ambako nguo hizo hazijulikani, ameketi kama mshindi wa mechi.

"Nimekufulia nguo za mtoto, mwanangu. Zilinuka uvundo. Mnazianika chooni kama mnaotesha uyoga?"

Shukuru, mwenye miaka minne, alikuwa akikimbia uchi sebuleni. Fulana zake zote zilining'inia uani, nyekundu kama pilipili.

Mtoto aliyepigwa na jua huchukuliwa siku hiyo hiyo.

"Mama, umeanika nje?"

"Sasa nianike wapi, ndani ya friji?"

Mwajabu alizisugua mpaka vidole vikachubuka. Povu lilibaki jeupe, fulana nyekundu. Hodi ilipopigwa, alizisukuma nyuma ya kochi.

Mkaguzi aliingia, akamtazama Shukuru. "Mbona hana nguo?" aliuliza kwa upole.

Mwajabu alikuwa bado anatafuta uongo wakati mama mkwe alipoinama, akachomoa fulana, akaikunjua kwa fahari.

"Anazo, baba. Hii nimeigeuza pande zote mbili, jua liingie vizuri."

Mkaguzi akachuchumaa, akanyoosha mikono. "Njoo, rafiki yangu."

Shukuru, asiyejua kumwogopa mtu, akaenda.