Kawa Juu ya Chupa

Tangu shule zifungwe, Zamda alikuwa na kazi moja ya sayansi: kupima mvua uani kwa chupa iliyokatwa shingo, kisha kumtumia mwalimu namba kila asubuhi. Namba za watoto wa mji mzima zilipelekwa kwa wataalamu wa hali ya hewa.

Siku hiyo aliamka akakuta ua umejaa madimbwi, lakini chupa kavu kabisa. Juu yake pametulia kawa la chakula.

"Nilikufunikia jana jioni, mwanangu," mama yake akasema kwa fahari. "Kuku wasije wakayachafua maji yako."

Zamda alitamani kulia. Angeandika milimita ishirini, nani angejua? Kidole kikasita juu ya simu ya mama. Mwishowe akaandika: "Leo sijui. Chupa ilifunikwa."

Mwalimu akajibu: "Tumeandika hivyo hivyo. Kesho tena."

Mama aliposomewa ujumbe huo, akaliondoa kawa.

Mvua iliporudi adhuhuri, Zamda alichungulia dirishani. Mama yake alikuwa uani, amelowa chapachapa, fagio mkononi, akifukuza kuku huku akijihadhari asiikingie chupa mvua.