Wingu Juu ya Uwanja

Rubani aliniuliza kwenye redio kama aendelee au arudi, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya wingu.

Kazi yangu pale mlimani ni kupima hali ya hewa. Kuzungumza na ndege humwachia mkubwa wangu, lakini siku hiyo alikuwa ameteremka mjini. Kando ya uwanja wa nyasi, mama mjamzito alikuwa amelala kwenye machela. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na kwa barabara wasingewahi hospitali.

"Mjibu basi, mwanangu," alisema mkunga aliyekuwa kando ya machela. "Huyo ni rubani, si mkwe. Unamwonea haya gani?"

Nikavua kofia. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa ukinilowesha shavu la kushoto, upande wa bondeni. Sasa shavu hilo lilikuwa linakauka. Baridi ilikuwa imehamia la kulia, upande wa kilele, baridi kavu isiyo na tone la maji.

Upepo wa kileleni ukishuka, wingu letu halikai. Nimeliona likifukuzwa hivyo asubuhi nyingi.

"Ninarudi," rubani alisema. "Ni weupe mtupu huku."

Nikabonyeza kitufe. "Usirudi. Zunguka mlima mara moja, kisha uje kwa upande wa kilele. Utauona uwanja."

Halafu tukasikia mlio wa injini ukikata kona.

Mkunga aliinua uso. "Mbona mimi sioni kitu?"

"Nyanyueni machela," nikawaambia vijana waliombeba. "Taratibu, asitikisike."