Taya la Samaki wa Kale

Kibibi alimlaza samaki wa jiwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama alivyozoea kuviosha visukuku vyote vya jumba lao la makumbusho kabla ya wageni kufika. Huyu tu hakuwahi kuoshwa. Mumewe, Makungu, alimkataza kila mara: "Huyo ni laini mno, mke wangu. Mwache."

Leo vumbi lilimtia aibu. Samaki huyu ndiye aliyeupa sifa mji wao usio na bahari: mwili wa samaki wa zamani kabisa, wasio na taya, lakini kichwani taya limeshaota. Kila mtoto wa mji alijua kumchora. "Hapa," Kibibi huwaambia, "ndipo uhai ulipojifunza kuuma."

Maji yakawa meupe. Utando wa gundi ukaelea, kisha kichwa kikaachana na mwili taratibu, kikageukia upande.

Makungu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni wewe uliyemuunga?" Kibibi akauliza.

"Ulitafuta kisukuku cha namna hii miaka na miaka, Kibibi. Ulikuwa unalia. Nikasema angalau nikupe kimoja."

"Na mimi nikawapa watoto wa watu."

Akavitoa vipande, akaviweka mezani. Kila kimoja kilikuwa cha kweli, kila kimoja na bahari yake na zama zake. Uongo ulikuwa pale tu vilipounganishwa.

Makungu akasogea, akanyoosha mkono amshike bega. Kibibi akautazama mkono ule ukija.